Kisanduku Kisichojua Leo

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua ya alfajiri, imekatika kabla sijatoka nyumbani. Ziwa la kijivu, halina wimbi. Milima ya Kongo haionekani.

Nimefika dukani kwa Zaituni, nimefagia upande wangu, nimepanga chaja za wateja, nimewasha kisanduku. Kimeamka kikidhani ni Jumamosi. Umeme ulikatika Jumamosi jioni ukarudi leo alfajiri, kwa hiyo kwake siku hizo hazikupita. Nimerekebisha tarehe kwa mkono, kama kila mara.

Naandika shida hii tena ili ikae sawa kichwani. Kompyuta hii ndogo, kama pakiti ya majani ya chai, mradi uliokwisha uliiachia kamati ya wavuvi. Haina betri ya saa. Simu ukiizima inaendelea kuhesabu ndani. Hii haihesabu. Umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia, kama mtu aliyezimia na kuamka akimalizia sentensi yake. Haina intaneti ya kuiuliza leo ni lini. Inatoa waifai yake tu, hapa mwaloni Rumonge, yanapoegeshwa maboti, na mwenye simu akiingia anaona ukurasa mmoja: upepo wa ziwa usiku wa leo.

Ukurasa ni wangu. Taarifa ya upepo naitoa kwenye simu yangu, naandika faili moja kwa kila siku, siku tatu au nne mbele nikiweza. Seva inachagua faili kwa tarehe ya kisanduku na kuiweka chini ya neno LEO, kwa herufi kubwa. Tarehe yenyewe iko chini kabisa, ndogo. Jioni Zaituni huwasomea kwa sauti wasio na simu. Wavuvi hawasomi tarehe. Wanahesabu mwezi.

Bosco, rafiki yangu wa utotoni, amepanda Bujumbura kunitafutia saa yenye betri. Ni kipande kidogo tu, kinachomekwa juu ya pini. Kikipatikana, mambo ya kurekebisha kwa mkono yamekwisha.

Mwezi bado mkubwa, dagaa hawafuati taa, maboti yamelala. Wanaume wanashona nyavu na kubishana juu ya mpira.

Jumanne, 19 Novemba

Jua tangu asubuhi. Harufu ya ndagala, dagaa wetu, mpaka ndani ya daftari.

Nimeondoa ile seva nzito ya watu wa mradi. Ilikuwa inameza kumbukumbu yote. Simu tano zikiingia pamoja, inakwama. Nimeweka nyepesi. Nimefuta kila kitu tusichohitaji kwenye faili la mipangilio, imebaki mistari ambayo naweza kuisoma yote bila kusogeza kioo. Mara ya kwanza ikakataa kuwaka. Bano moja sikulifunga. Nimelitafuta mpaka adhuhuri.

Nimeiagiza pia iziambie simu zisihifadhi ukurasa. Simu ikihifadhi, mtu anaweza kusoma upepo wa jana akidhani ni wa leo. Nimejaribu kwa simu ya Zaituni, kwa yangu, kwa ile mbovu ya jirani muuza samaki wa sambaza. Zote zinaleta mpya.

Kisha nimechomoa waya, nimerudisha. Nimechomoa, nimerudisha. Seva inaamka yenyewe kila mara. Tarehe tu ndiyo inabaki nyuma.

Zaituni ananicheka. “Weye mutu wa kambi, unaandika hata ukikohoa.”

Nimemwambia kikohozi cha leo nimeshakiandika.

Alhamisi, 21 Novemba

Mawingu, hakuna mvua.

Bosco amerudi. Siku mbili barabarani kwa sababu ya esansi, yaani petroli, magari yamepanga foleni mpaka nje ya mji. Saa ameileta. Amenionyesha kwenye kiganja: kipande kama ukucha wa kidole gumba, betri ya duara juu yake. Nimefurahi kama mtoto.

Akasema, “Niachie, dada. Pini ndogo hizi, weye una wateja.” Amekipeleka kisanduku kwenye stoo ya Zaituni. Alipokirudisha alikuwa amekizungushia mkanda mweusi pande zote, vumbi la ndagala lisiingie. Akasema ameweka saa, na mstari wake kwenye mipangilio ameuandika. Nimewasha. Nimeangalia tarehe. Alhamisi, 21. Sawa.

Jaribio la kweli ni kuchomoa waya. Nilishaushika. Yeye alikuwa amesimama pale, bado ana vumbi la safari usoni, anakunywa chai ya Zaituni. Nikauachia.

Kuchomoa mbele yake kungekuwa kumwambia simwamini. Bosco na mimi tulikaa nyumba za safu moja kwenye kambi ya wakimbizi, kule Tanzania. Kompyuta tulijifunza kwa kibodi moja, watoto wengi, mashine chache. Yeye alipewa upande wa kushoto, mimi wa kulia, na tuliandika hivyo mpaka tukawa na kasi. Mpaka leo mkono wangu wa kushoto ni mzito.

Ijumaa, 22 Novemba

Asubuhi safi sana. Kongo inaonekana mpaka miti.

Napanda mlimani kwa Mama, michikichi imeiva na hakuna wa kukamua mawese naye. Kabla ya kuondoka nimepita dukani, Zaituni alikuwa hajafika. Nimeweka faili za siku zote mpaka Jumanne. Ijumaa: ziwa shwari. Jumamosi: upepo kidogo. Jumapili: upepo mkali kutoka kaskazini baada ya jua kuzama, msitoke.

Wamesharudi ziwani tangu juzi, mwezi unachelewa kutoka sasa. Nilifikiri nimpigie Zaituni kuhusu Jumapili. Sikumpigia. Kisanduku kitasema.

Jumapili, 24 Novemba, kwa Mama

Joto zito, kisha upepo. Tangu jioni michikichi inalia. Nilipaswa kushuka leo, gari halikupatikana. Simu haina moto, chaji imekwisha.

Mikono yangu ya rangi ya mawese. Mama anasema nimekonda. Natamani niwe mjini.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi matope, migomba imelala.

Nimeshuka juu ya pikapu ya mapipa ya mawese. Mwaloni watu wengi, hakuna kelele. Hamisi, mume wa Zaituni, alitoka jana jioni na watu wake wanne. Hawajarudi.

Zaituni amekaa kwenye kiti changu, upande wangu wa duka. Hakuniamkia. Akasema, “Mimi ndiye nilisoma. Kwa mudomo yangu. Leo ziwa shwari, nendeni na Mungu, murudi na ndagala. Nilisoma, akaenda.”

Nimekaribia kisanduku. Nimechaji simu yangu, nimefungua: LEO, UPEPO KIDOGO. Chini kabisa, kwa zile herufi ndogo, 23 Novemba.  Umeme ulikatika hapa Ijumaa mchana, ukarudi jana alasiri. Kiliamka kwenye Ijumaa yake, kikasoma upepo wa Ijumaa. Kilipofika usiku wa manane kwa saa yake, kimejihesabia siku moja, kikasema Jumamosi.     

Kwa hiyo: jana jioni, kisanduku kilisema Ijumaa. Saa ya betri haikufanya kazi.

Boti nyingine hazikutoka. Si kwa sababu ya mawingu. Hazikuwa na esansi. Hamisi alikuwa nayo.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua nyembamba. Ziwa bado la udongo.

Bado hawajaonekana.

Kamati imekutana kwenye banda la nyavu. Tunamwita Prezida, mzee mwenye sauti ya chini, anaongoza wavuvi wote wa hapa. Aliniuliza mbele ya watu kwa nini mashine ilisema uongo. Nikaeleza: umeme ulikatika, tarehe ikabaki nyuma. Akauliza, “Si tulisikia iko na saa sasa?” Nikasema Bosco aliiweka Alhamisi, sijui kwa nini haikufanya kazi.

Bosco akasimama. Amevaa shati lililopigwa pasi. Akasema saa aliiweka, kwa mikono yake, na aliondoka ikiwa nzima. “Mimi niko mubebaji tu, Prezida. Mambo ya ndani ni ya dada. Yeye anashinda anabadilisha, anafuta, anaandika. Kama aligusa mustari wa saa, mimi siwezi kujua.”

Hakuniangalia.

Mtu wa nyuma akasema, “Mutanzania na mashine yake.” Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Prezida ameamuru kisanduku kizimwe. Zaituni amekichukua, amekifungia kwenye sanduku la vitenge, ufunguo shingoni.

Nyumbani nimetoa karatasi niliyonakilia mipangilio. Nimesoma mstari kwa mstari. Nilifuta vingi Jumanne ile. Lakini yeye alikuja Alhamisi, baada yangu. Je, Ijumaa asubuhi niligusa kitu nilipoweka faili? Sikumbuki kugusa. Labda ni mimi. Bosco hana sababu ya kusema uongo. Labda ni mimi.

Jumatano, 27 Novemba

Jua. Sikutoka mpaka waliponiita.

Wako hai. Wote watano. Upepo ulivunja boti moja kati ya zile mbili wanazozifunga pamoja, ukawasukuma kusini, wakashikilia iliyobaki mpaka watu wa kijiji cha Kabonga wakawaona jana jioni. Hamisi amevunjika mkono, yuko hospitali ya Nyanza-Lac.

Wanawake wa ndagala wamepiga vigelegele. Mimi nilikaa chini kwenye mchanga.

Nimemfuata Zaituni kumpa pole. Akasema, “Kesho kutwa naenda kumuona. Weye utakuja. Utamwambia mwenyewe.”

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi ya baridi kidogo, ukungu juu ya maji.

Siku ndefu. Nataka kuiandika kwa mpangilio.

Gari la kwanza lilijaa, la pili lilikuwa na esansi ya nusu njia. Tulifika Nyanza-Lac juu ya magunia ya mihogo. 

Hamisi ana mkono kwenye plasta na midomo iliyopasuka. Alipotuona akasema amekwenda Kabonga bila kulipa tiketi. Zaituni akalia, akampiga bega lile zima, akalia tena. Mimi nikamwambia yote: tarehe, umeme, kwamba sijui kosa liko wapi lakini ukurasa ni wangu.

Alisikiliza. Hakuwa na hasira na hilo lilikuwa gumu zaidi. Akasema, “Uliandika leo. Leo ni ya nani? Ungeniandikia mwezi uko na siku ngapi, ningeona mara moja iko uongo. Mwezi siwezi kupotea.”

Saa nane tulishuka mwaloni kumtafutia samaki wa mchuzi. Nikatoa simu nimpigie Mama. Simu ikaniuliza kama nataka kuingia kwenye waifai. Jina lake lilikuwa kama letu, mwisho tu walibadilisha Rumonge wakaandika Nyanza-Lac.

Nimeingia.

LEO. Herufi zangu kubwa. Bluu yangu. Chini: Nendeni na Mungu, mrudi na ndagala. Maneno hayo niliyatunga mimi, jioni moja, Zaituni akiwa ananisuka. Na chini yake: Imetengenezwa na Bosco.

Kwanza niliona aibu, sijui kwa nini mimi. Kisha nikajiambia, basi, ameiga. Angeniomba ningempa.

Kisha umeme ukakatika. Redio ya kibanda cha karibu ikanyamaza, mashine ya kusaga ikashuka sauti mpaka ikafa. Waifai ikapotea. Nikamwambia Zaituni tusubiri. Akauliza tusubiri nini. Nikasema umeme. Tukakaa kwenye gogo na samaki wetu wakianza kunuka. Nilisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Umeme ulirudi kabla ya saa kumi. Redio ikaanza katikati ya wimbo. Waifai ikarudi. Nimefungua ukurasa, nikashusha mpaka chini.

29 Novemba.

Hakuna mtu aliyegusa kitu. Kisanduku chao kiliamka na leo yake, nzima.

Mwenye kibanda, anayekitunza kisanduku chao, aliona namna ninavyokodoa macho. Akasema kwa majivuno, “Hii yetu haipotei siku. Bosco alituwekea saa ya betri, Ijumaa ile tulipofungua.”

Ijumaa ile. Siku moja baada ya kiganja chake mbele yangu.

Nimemweleza Zaituni pale pale. Nimeeleza polepole, kwa sababu na mimi nilikuwa naelewa polepole.  Tulipofika Rumonge akafungua duka, akafungua sanduku la vitenge, akaniwekea kisanduku na kisu.

“Pasua.”

Nimekata mkanda mweusi. Pini zote ziko wazi, zinang'aa. Hakuna kitu kilichowahi kuchomekwa juu yake.

Nimechukia. Naandika neno hili kwa sababu ni la kweli.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua kidogo, kisha jua la kuchoma.

Jumamosi ya kazi za pamoja, kama kawaida. Watu wa kwartiye yetu, mtaa wetu, tulipewa mtaro wa barabara ya sokoni. Bosco alikuwepo, na jembe, kwenye mstari wa watu. Nimekwenda kulima karibu naye.

Nikamwambia nimetoka Nyanza-Lac. Jembe lake likasimama hewani kidogo, likaendelea.

“Walikuwa wanafungua Ijumaa,” akasema. “Dukani nilipata moja tu. Nilisema wiki ijayo nitakuletea ingine.”

“Uliniambia umeweka.”

“Nilijua utachomoa waya, dada. Weye unachomoa kila kitu. Nilijua utaona, utanitukana, nitacheka, itaisha.”

Hivi ndivyo alivyokuwa amepanga. Alitegemea kwamba sitamwamini. Siku moja tu nilimwamini, na hiyo ndiyo ikatuharibia.

Nikamuuliza, na kwenye kamati?

Alivuta matope kwa jembe, akasema, “Pale kulikuwa na watu.”

Hiyo tu. Pale kulikuwa na watu. Mimi sikuwa mmoja wao, inaonekana. Siku mbili usiku nimesoma karatasi zangu nikijitafutia kosa. Yeye alijua liko wapi, akanywa chai, akalala.

Nilitaka kupiga kelele. Mkuu wa mtaa alikuwa anapita kuhesabu watu. Nikaendelea kulima.

Jumapili, 1 Desemba

Mawingu. Kengele za kanisa, sikwenda.

Nimekwenda kwa Prezida pamoja na Zaituni. Nimeweka kisanduku juu ya meza yake, wazi. Nilionyesha mahali ambapo saa ingekaa. Zaituni ndiye aliyeongea zaidi, na aliongea vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Prezida aligusa pini kwa ncha ya kidole. Akamwomba mke wake atuletee ndizi. Tulipomaliza kula akasema, “Huyu mutoto ni mimi nilimushika mukono. Alipofika kutoka Tanzania, nilimupa boti ya kwanza kuandikia hesabu.” Akapangusa mikono. “Kesho nitamuita. Na weye, Jeneroza, uje kesho.”

Kufika adhuhuri wanawake wote wa ndagala walikuwa wanajua. Zaituni hana waifai lakini anazifikia simu zote.

Jumatatu, 2 Desemba

Asubuhi tulivu. Mwezi umekwisha, usiku ulikuwa mweusi.

Bosco hakuja. Tumemsubiri. Prezida hakusema kitu kibaya juu yake. Alisema tu mbele ya watu walewale, kwenye banda lilelile, kwamba mashine ilinyimwa saa yake na si mimi niliyeinyima. Yule wa nyuma aliyesema Mutanzania akaangalia viatu vyake.

Saa tisa konvuayeri, utingo wa gari la Nyanza-Lac, ameniita. Ana kibiriti, kimefungwa kwa mkanda mweusi. Hakuna barua. Ndani ni ile saa.

Nilifurahi. Kama dakika mbili nilifurahi kabisa. Nilishakata mkanda, nilishakishika kisanduku, ndipo mikono ikasimama. Saa hii imetoka wapi? Imechomolewa kule. Leo usiku umeme ukikatika Nyanza-Lac, wale watu wa kibandani watasomewa upepo wa jana, kwa herufi zangu, na Nendeni na Mungu yangu.

Hata kuomba msamaha ameomba kwa kitu cha watu wengine.

Nimemkimbilia konvuayeri kabla gari halijageuza. Nimempa kibiriti, nimempigia simu mwenye kibanda, nimemweleza namna ya kuirudisha kwenye pini na asiwashe kabla. Alinirudia maneno yote kama mwanafunzi. Akauliza, “Weye ni nani wa Bosco?”

Nikasema mimi ndiye niliyeandika ule ukurasa.

Baadaye nimelia stoo. Si kwa ajili ya saa.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua kubwa mpaka saa nne. Umeme upo, kwa bahati.

Nimefanya kazi siku nzima. Saa nyingine itakuja ikija. Nimemwagiza dada yake Zaituni, si mwingine. Mpaka hapo kisanduku kifanye kazi bila kujifanya kinajua.

Kwanza. Kikiamka baada ya umeme kukatika, seva isitoe upepo wowote. Itoe ukurasa mmoja tu: SIJUI LEO NI SIKU GANI. MUULIZENI JENEROZA. Mpaka mtu aweke tarehe kwa mkono. Ni mistari michache kwenye mipangilio. Ningeweza kuiandika tangu mwanzo. Nilikuwa nasubiri saa.

Pili. Juu kabisa, kabla ya upepo, nimeandika mwezi una siku ngapi. Hamisi alirudi jana na ndiye aliyenisahihisha hesabu, kwa mkono ule mzima, akihesabia vidole vya Zaituni.

Neno LEO nimelifuta.

Nimechomoa waya mara nyingi. Nimemwita Zaituni achomoe. Nimemwita Prezida. Alichomoa kwa woga, kama mtu anayeshika nyoka, akasubiri, akasoma SIJUI kwa sauti, akasema, “Afadhali.”

Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi nzuri. Hewa imesafishwa na mvua, maji ya buluu mpaka ng'ambo. Ndagala zimeanikwa mpaka barabarani.

Umeme haukukatika leo. Hata hivyo niliangalia tarehe asubuhi, mchana na jioni.

Jioni watu wa maboti walikusanyika mbele ya duka kama zamani, wachache kuliko zamani. Zaituni alisimama na simu.  Akasema, “Mwezi uko na siku tatu.”

 Wanaume wakageuza shingo juu ya ziwa, wote pamoja. Mwezi ulikuwepo, mwembamba, unashuka upande wa Kongo. Hamisi, kwenye benchi na plasta yake, ndiye aliyejibu kwanza. “Tatu.” Na wengine wakasema, tatu. Ndipo Zaituni akasoma upepo.

Wamekubaliana itakuwa hivi kila jioni. Msomaji anasema mwezi, wao wanajibu. Wasipojibu, hasomi.

Bosco amepita barabarani wakati wanasukuma maboti. Akasema amahoro. Nikajibu amahoro. Alisimama kidogo kama anayesubiri nimwulize kitu, kisha akaenda. Sikuwa na la kumwuliza. Kila siku nitamsalimia, mji ni mdogo. Kisanduku hatakishika tena.

Nyumbani nimeandika taarifa za kesho na kesho kutwa. Naandika polepole, mkono wa kushoto bado mzito. Nimeanza kuufundisha.

Taa za maboti zinaonekana kutoka dirishani. Upepo hakuna, kama ilivyoandikwa.

Nimezima taa saa tano kasoro robo. Ni saa saba na robo, nimeiwasha tena: usingizi bado, nazihesabu taa zao.